Haki ya Mtoto Mchanga ya Kujibiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu hudhani kuwa mtoto mchanga hana haja ila ya maziwa, nguo na usingizi. Akizidi kulia, husemwa amepatwa na jicho au jini, akapelekwa kwa mganga na kurudi na hirizi shingoni. Hirizi haina uso wa kumtazama wala sauti ya kumwitikia. Asiyejua kusema, kilio ndio usemi wake. Akijibiwa leo na kesho, kwa sauti aizoeayo na mikono aijuayo, moyo wake humtulia mwenye kumjibu. Na hapo ndipo mapenzi huota mizizi.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala naye ataka kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Haya, ni shughuli gani yetu sisi, ya duka au ya baraza au ya simu mkononi, isiyoweza kukatizwa, ikiwa sala ya Mtume ilifupishwa?

Na elimu ya zama zetu yaafikiana na haya. Katika miaka ya 1954 na 1955, bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikuwa akizizuru nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga 28 na mama zao. Khabari zao alizitoa kitabuni mwaka 1967. Aliona kuwa mtoto aliyetulia kwa mama yake hutambaa mbali kucheza, kisha humrudia, kwani ana yakini naye. Na mama wa watoto hao ni wale waliowashughulikia sana, wakaweza kueleza hata mambo madogo madogo ya watoto wao. Wala kusaidiwa na bibi au shangazi hakukuvunja mapenzi hayo.

Sasa watazameni watoto wetu waliotoka Pwani wakaenda kutafuta riziki Nairobi, wakakaa mitaa kama Komarock, kando ya Barabara ya Kangundo. Huku kwetu mzazi hukaa arobaini yake amezungukwa na mama, somo na majirani. Kule hana mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi mitatu. Ikiisha, hutoka alfajiri kukimbilia matatu, na mtoto hubaki na yaya.

Hatumlaumu mama huyo, kwani riziki ni lazima. Wala dini haikukataza mlezi wa kuajiriwa: Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, yaruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwingine, kwa sharti mlezi apewe haki yake kwa wema. Lakini sisi twafanyaje? Twamchukua msichana ambaye mwenyewe angali mtoto, twamcheleweshea mshahara, twamtukana mbele ya mtoto, kisha twamfukuza na kuleta mwingine. Kila abadilishwapo yaya, mtoto hupotewa na uso alioanza kuuamini. Mwenye kumdhulumu yaya amemdhulumu mwanawe pia.

Na baba je? Sheria hiyo hiyo yampa majuma mawili. Je, huyatumia kumpakata mwanawe, au huyamaliza barazani? Mtume (S.A.W.) alimbeba mjukuu wake Umama hali yumo katika sala, wala hakuona ni aibu ya mwanamume.

Basi yatupasa haya: mama arudipo jioni, amshike mtoto kabla ya kushika sufuria, amsemeze na kungoja jibu lake, hata likiwa ni tabasamu tu. Baba amsaidie kazi za nyumba apate nafasi hiyo. Yaya mwema alipwe kwa wakati, adumu. Na bibi aliyeko Mombasa au Lamu, akiweza, asafiri akae nao miezi ya mwanzo. Hiyo ni sadaka bora kuliko kupeleka hirizi.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi huanza kabla ya chuo. Mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutimiza amana. Amin.