Shahidi wa Mashine na Haki ya Mchezo

Mchezo ni shule ya kwanza ya haki. Kabla mtoto hajajua mahakama ni nini, huwa amekwisha kujifunza, katika kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba zao, kwamba kuna mpaka usiovukwa na kwamba wagombanao hawana budi kumpata mtu wa kuwaamua. Kwa sababu hiyo, swali la kama mwamuzi wa kandanda asaidiwe na mashine, au aachiwe macho yake mwenyewe, si swali la washabiki peke yao. Linagusa namna taifa linavyoielewa haki, nasi tunaona kwamba linastahili kufikiriwa kwa utulivu, mbali na kelele za majukwaani.

Tuanze na jambo ambalo Watanzania wengi hulikumbuka kwa uchungu. Tarehe 5 Aprili, 2024, mjini Pretoria, Yanga ilipambana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Dar es Salaam, ulikwisha bila ya goli. Katika kipindi cha pili cha mchezo huu wa marudiano, Stephane Aziz Ki alipiga mkwaju mkali. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini karibu na mstari, kisha ukarudi uwanjani. Waamuzi wa video walikuwapo, na picha zilikuwapo. Goli halikukubaliwa. Timu zikaingia katika mikwaju ya penalti, na Yanga ikatolewa kwa penalti 3 kwa 2. Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba mpira ulivuka mstari, na wapo wanaoapa kwamba haukuvuka.

Kisa hiki kina ndugu yake mkubwa. Tarehe 30 Julai, 1966, katika uwanja wa Wembley, Uingereza na Ujerumani ya Magharibi zilikuwa zimefungana 2 kwa 2 katika fainali ya Kombe la Dunia. Katika muda wa nyongeza, Geoff Hurst alipiga mpira, nao ukagonga mwamba na kudunda chini vivyo hivyo. Mwamuzi, Gottfried Dienst wa Uswisi, hakuwa na hakika; akamwendea mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov wa Azerbaijan. Goli likakubaliwa, na Uingereza ikashinda 4 kwa 2. Ubishi wa siku ile haujakoma. Basi tangu Wembley hadi Pretoria ilipita karibu miaka 58. Kibendera kiliongezewa kamera, lakini ubishi ulibaki pale pale ulipokuwa.

Je, hii ina maana kwamba mashine haina faida? La hasha. Tarehe 27 Juni, 2010, mjini Bloemfontein, Uingereza ilikuwa nyuma ya Ujerumani kwa magoli 2 kwa 1 wakati mpira wa Frank Lampard ulipogonga mwamba na kudunda ndani kabisa ya goli. Mamilioni waliotazama televisheni waliona. Mwamuzi na wasaidizi wake hawakuona, na mchezo ukaendelea hadi Uingereza ikafungwa 4 kwa 1. Hali hiyo ni mbaya kwa haki. Hakimu anapokuwa ndiye pekee asiyejua linalojulikana na wote, hukumu yake hugeuka kuwa kichekesho, na yeye mwenyewe huwa ameonewa pamoja na walioshindwa. Ndiyo maana mwaka 2012 wenye mamlaka ya sheria za mchezo huu walikubali chombo cha kupima mstari wa goli, nacho kikatumika katika Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil. Hapo sisi hatuoni la kubishania. Mpira umevuka au haukuvuka. Jambo hili halidai busara bali kipimo. Muuza duka hupima sukari kwa mizani, wala hakuna asemaye kwamba mizani imemvunjia heshima.

Lakini si kila jambo la uwanjani hupimika. Je, mkono uliufuata mpira, au mpira uliufuata mkono? Je, mchezaji alisukumwa, au alijiangusha? Hapa picha huonyesha kilichotendeka, haionyeshi nia. Sheria ya waamuzi wa video iliyopitishwa mwaka 2018 yenyewe ililitambua hilo: iliwaruhusu kuingilia katika mambo machache tu, kama vile goli, penalti na kadi nyekundu, tena pale palipo na kosa la wazi, na ikasema kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mwamuzi aliye uwanjani. Kwa maneno mengine, mashine iliitwa kuwa shahidi, haikukalishwa katika kiti cha hakimu. Nasi tunaona kwamba hapo ndipo mahali pake.

Wapo wasemao kwamba shahidi huyu huua furaha, kwa kuwa mfungaji hashangilii tena mpaka aruhusiwe. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, furaha ya upande mmoja iliyosimama juu ya dhuluma ya upande wa pili ni vigumu kuitetea mbele ya watoto wetu.

Hofu yetu sisi iko mahali pengine. Tarehe 22 Juni, 1986, katika uwanja wa Azteca nchini Meksiko, Diego Maradona aliifunga Uingereza kwa mkono, na mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia akalikubali goli. Kwa miaka mingi watu wamemlaumu mwamuzi yule. Lakini tujiulize: siku ile, ni nani aliyekuwa na uhakika kuliko wote? Ni mfungaji mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza, naye alinyamaza. Mwaka 2012 huko Italia, Miroslav Klose wa Lazio alifunga kwa mkono dhidi ya Napoli. Mwamuzi alipolikubali goli, Klose akamwambia ukweli, na goli likafutwa. Timu yake ilifungwa 3 kwa 0 siku hiyo, lakini hakuna aliyesema kwamba Klose alishindwa.

Mashine ingeweza kulifuta goli la 1986. Isingeweza kumfanya mfungaji awe mkweli. Tena kijana akizoea kuamini kwamba kusema kweli ni kazi ya kamera, atajifunza pia kwamba kosa lisilopigwa picha si kosa. Mafunzo hayo hayatabaki uwanjani. Atayachukua hadi ofisini, dukani na ghalani.

Nasi tukumbuke michezo yetu mingi huchezwa wapi. Huchezwa shuleni na vijijini, mistari imechorwa kwa majivu, na refa ana filimbi na saa tu. Hapo hakuna picha ya kurudiwa. Kinachoufanya mchezo umalizike kwa amani ni imani ya wachezaji kwamba refa ameamua kwa nia njema, na imani ya refa kwamba wachezaji hawamdanganyi. Imani hiyo ikivunjika, hakuna chombo kitakachoirudisha.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mashine ipokelewe pale inapopatikana, nayo iulizwe yale inayoweza kuyajibu. Lakini vilabu na walimu wa michezo wasidhani kwamba imewapunguzia kazi. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Vijana wetu wafundishwe neno hilo kabla ya kufundishwa kupiga penalti, na refa wa kiwanja cha majivu anapomwuliza mchezaji, "Umeugusa?", apate jibu la kweli.