Kaburi Lisilo na Mlango

Huku Magwagwa, mtu akitaka kununua shamba huuliza kwanza kama lina makaburi. Akiambiwa yapo mawili kando ya migomba, baridi humwingia moyoni. Anajua kwamba hata akipewa hati miliki mkononi, wajukuu wa waliolala pale watarudi. Sisi Abagusii huzika nyumbani. Kwa mila, mwanamume hulazwa upande wa kulia wa nyumba yake na mwanamke upande wa kushoto. Mzozo wa mpaka ukizuka, mzee hulionyesha kwa kidole kaburi la babu yake kabla ya kutaja karatasi yoyote.

Nikiwa na fikra hizo ndipo ninapoitazama stupa, kile kilima cha matofali na mawe ambacho Wabuddha hujenga juu ya masalia ya Buddha na ya watakatifu wao. Chanzo chake ni ugomvi wa mazishi. Mapokeo yanasimulia kwamba Buddha alipofariki Kusinara na mwili wake kuchomwa, Wamalla wa mji huo walikataa kugawa kilichobaki. Washakya wakadai kuwa marehemu ni ndugu yao wa damu. Mfalme wa Magadha akadai kuwa yeye na marehemu walikuwa wa tabaka moja. Vita vilinukia, hadi Brahmini mmoja, Drona, alipoyagawa masalia mafungu manane, kila upande ukajenge stupa kwao.

Mkenya anayesoma hayo hukumbuka mara moja kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na mwili wake ukakaa bila kuzikwa hadi Mei 1987 huku mjane wake, Wambui, na ukoo wake wa Umira Kager wakivutana mahakamani kuhusu mahali pa kumzika. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikuwa mmoja, na hakuna Drona ambaye angeweza kuugawa.

Stupa haina chumba cha kuingia. Stupa kubwa ya Sanchi, India, ambayo kiini chake cha matofali kilijengwa enzi za Mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, ina kimo cha mita 16 hivi na imeshindiliwa mpaka kati. Ukifika huna mlango wa kubisha wala madhabahu ya kukaribia. Unachoweza kufanya ni kuizunguka, bega lako la kulia likiwa upande wake, hatua kwa hatua, kwenye njia iliyozungushiwa ua wa mawe. Mfalme na mchunga ng'ombe wanabaki nje wote wawili, kwa umbali uleule. Sijui jengo jingine linalomnyima mtu umiliki kwa upole namna hiyo.

Juu ya kuba la stupa kuna ua mdogo wa mraba, na katikati yake mlingoti wenye miavuli ya mawe, alama ya heshima ya kifalme. Majirani zetu Waluo waliweka osuri, mti uliochongoka kwenye kilele cha nyumba, na mwenye nyumba alipokufa uliondolewa. Kwenye stupa mlingoti husimama kwa ajili ya aliyekwisha kuondoka, na jambo hilo hunifikirisha kuliko ukubwa wa kuba.

Hata hivyo siwezi kulidharau kaburi la kwetu. Mjane ambaye shemeji zake wanataka kumfukuza shambani ana kinga katika lile tuta la mumewe lililo hatua chache kutoka jikoni. Anapalilia pembeni yake, anang'oa magugu, na kila anayepita barabarani anamwona akifanya hivyo. Mwambie kwamba kung'ang'ania ni chanzo cha mateso, kama alivyofundisha Buddha, naye atakuuliza watoto watalala wapi. Swali lake ni la haki. Buddha mwenyewe aliacha nyumba, mke na mwana. Mama huyu hana pa kuwaacha wanawe.

Mapokeo yana neno moja zaidi kuhusu Drona. Baada ya kugawa, hakujiwekea hata kipande cha mfupa. Aliomba apewe chombo alichopimia, nao wakampa. Wamoriya walipofika, mafungu yalikuwa yamekwisha, wakabeba makaa ya moto uliozimika. Drona alijenga stupa juu ya chombo kitupu, Wamoriya juu ya makaa, na stupa hizo mbili zikahesabiwa pamoja na zile nane, zikawa kumi.