Ahadi ya Mtu Aliyebadilika

Ahadi ni deni. Neno hilo twalijua sote tangu utoto. Lakini deni lina mwenye kudai na mwenye kudaiwa. Je, kama mwenye kudaiwa amebadilika sana, hata jina lake si lile la kwanza, deni lingali palepale? Wengi watajibu upesi, huyu ndiyo, huyu siyo. Mimi naomba tusiwe na haraka. Tutazame kwanza maisha ya mtu mmoja aliyebadilika mbele ya macho ya ulimwengu.

Mtu huyo alizaliwa Uingereza mwaka 1926, akaitwa James Morris. Alikuwa askari, kisha akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1953 gazeti la The Times lilimtuma pamoja na wale waliokwenda kupanda mlima Everest. Hillary na Tenzing walipofika kileleni tarehe 29 Mei, yeye aliteremka kwa haraka juu ya barafu, akapeleka habari kwa maneno ya siri ili magazeti mengine yasiiibe. Habari ikatoka London tarehe 2 Juni, siku ileile Malkia Elizabeth wa Pili alipovikwa taji. Tangu hapo James Morris akawa mtu wa sifa. Nyumbani alikuwa na mke, jina lake pia Elizabeth, aliyemwoa mwaka 1949. Walizaa watoto watano, mmoja akafa angali mchanga.

Machoni pa watu hakupungukiwa kitu. Lakini mwenyewe alieleza kwamba tangu alipokuwa na umri wa miaka mitatu au minne alijijua moyoni kuwa ni mwanamke, na kwamba mwili aliozaliwa nao haukuwa wake. Mwaka 1964, akikaribia miaka arobaini, alianza kutumia dawa za kubadili mwili. Mwaka 1972 alikwenda Casablanca, katika nchi ya Moroko, akapasuliwa na daktari Georges Burou. Kwa nini aende mbali hivyo? Kwa sababu waganga wa Uingereza walimtaka kwanza aachane na mkewe, naye wakati ule hakukubali. Akaitwa Jan. Mwaka 1974 alitoa kitabu kiitwacho Conundrum, akayaeleza hayo yote hadharani.

Juu ya dawa na kisu cha waganga watu hawapatani, na makala hii haitakata shauri hilo. Tunaloliuliza ni la ahadi.

Swali la kwanza: Je, Jan alikuwa mtu mwingine? Tazameni kazi yake. Aliandika vitabu vitatu juu ya dola ya Waingereza, jinsi ilivyosimama na jinsi ilivyoanguka. Kimoja kilitoka mwaka 1968 kwa jina la James. Cha mwisho kilitoka mwaka 1978, mwenyewe akiwa amekwisha kuitwa Jan. Kazi ile ilianzwa na mtu mmoja, na mtu huyohuyo aliimaliza. Hakusema, «Aliyeianza ni James, basi amalize yeye.» Hata lugha yetu yatufundisha kitu hapa. Kiswahili husema «amekuja», wala hakiulizi kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Lakini tukitaka kumheshimu mtu, twamwita Baba Fulani au Mama Fulani. Twamtaja kwa watoto wake, yaani kwa wale anaowiwa. Jina laweza kugeuka. Wale wanaomdai hawageuki.

Swali la pili ni gumu zaidi: Je, ahadi ya ndoa yaweza kushikwa na mtu aliyeacha kuwa mume? Sheria ya Uingereza wakati ule haikukubali ndoa ya wanawake wawili. Hatimaye Jan na Elizabeth waliachana mbele ya serikali. Kwa hati za ofisi, ahadi ilikuwa imekwisha. Lakini waliendelea kukaa pamoja, wakazeeka katika nyumba moja huko Wales. Mwaka 2008, sheria ilipokuwa imebadilishwa, walikwenda tena ofisini, katika mji wa Pwllheli, wakaandikwa kuwa wenzi. Walikwisha kutengeneza jiwe la kaburi lao mapema, lenye maneno ya Kiwelisi na ya Kiingereza, yasemayo kwamba wao ni marafiki wawili waliofika mwisho wa maisha mamoja. Jan alikufa tarehe 20 Novemba 2020, mwenye miaka 94.

Hapa mtu ataniambia: «Vema, lakini Elizabeth je? Yeye aliahidiana na mwanamume. Ni nani aliyemwuliza?» Neno hilo ni la haki, wala tusilikwepe. Jan ndiye aliyeandika vitabu. Elizabeth alisema machache tu mbele ya watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo tusichukue mfano wake tukawapiga nao wengine, tukisema, «Mbona yule alivumilia?» Mke asiyeweza kubaki baada ya badiliko kama hilo si msaliti. Alichoahidiwa kimeondoka, naye ana haki ya kulia.

Nadhani katika ahadi moja mna madeni mawili. Liko deni la hali: kuwa mume, kuwa mke. Hilo laweza kuvunjika bila mtu kutaka, kwa ugonjwa, kwa vita, au kwa badiliko kama hili. Na liko deni la utu: kusema kweli, kutunza, kutomwacha mwenzako na aibu peke yake, kulea watoto. Hilo la pili halifutwi na kisu wala na jina jipya. Mwenye kubadilika asiseme, «Mimi sasa ni mwingine, madeni ya yule wa zamani hayanihusu.» Kinyume chake, kwa kuwa amewatwisha wengine mzigo wasiouchagua, deni lake la utu limezidi.

Nasi watazamaji je? Mtu asiyejulikana hubadilika mbele ya majirani wachache. Mtu wa sifa hubadilika mbele ya mamilioni, na kila mmoja hujiona ana haki ya kuuliza. Jan aliandika vitabu vingi juu ya miji na mataifa, lakini mwenyewe alitabiri kwamba siku ya kufa kwake magazeti yatataja kwanza kubadilika kwa mwili wake. Je, alitudai au tulimdai? Aliahidi kutuletea habari ya mlima, akaileta, nayo ilikuwa kweli. Deni lake kwetu lilikwisha pale. Mwili wake hakutuahidi kamwe.

Basi, msomaji, ukisikia habari ya mtu aliyebadilika akiwa na umri wa utu uzima, usianze na mavazi yake. Kama wewe si wa nyumba yake, huna unalomdai ila adabu, naye anakudai hiyohiyo. Na kama ni wa nyumba yako, mwulize neno moja tu: «Yale uliyotuahidi, ni yapi bado utayashika?» Kisha umpe nafasi ajibu kwa miaka, si kwa maneno.