Arejeaye Safarini Ana Deni Gani kwa Watu Wake?

Watu wa pwani hii hawana haja ya kuhimizwa kusafiri. Babu zetu walikwenda na kusi wakarudi na kaskazi, na ni nadra kuiona nyumba katika mji wetu isiyo na msafiri wake. Basi tutakalo kulizungumza leo si kwenda, bali ni kurejea. Twaona kwamba watu hufunzana sana adabu za kuagana, lakini adabu za kurudi, na adabu za kumpokea aliyerudi, ni wachache wanaozitia maanani.

Sababu ya maneno haya ni jambo lililotokea katika darsa yetu wenyewe. Twalieleza ijapokuwa lina aibu kwetu, kwani aibu ikifichwa haimfai mtu. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu alipata nafasi ya kufuatana na wanafunzi wenziwe, kundi la watu 12 pamoja na mwalimu wao, hata Istanbul katika nchi ya Uturuki, kwa muda wa wiki tatu. Waliswali katika msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557 kwa usanifu wa Sinan. Wakaona mifereji ya kutawadhia iliyopangwa safu ubavuni mwa msikiti, na maji yake ni safi. Jirani na msikiti huo wakaingia maktaba yenye maelfu ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vimetunzwa kama mtu atunzavyo mali ya yatima.

Usiku wa kwanza aliporudi darsani tulimfurahia, tukamtaka atueleze khabari. Usiku wa pili akaendelea, nasi tukasikiliza. Usiku wa tatu akasema kwamba birika la msikiti wetu ni chafu, kwamba vitabu vyetu vinaliwa na mchwa kabatini, na kwamba hafahamu vipi mtu aliyeyaona yale ataweza kuishi na haya. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, wiki tatu tu, nawe umeshakuwa Mturuki?" Barza nzima ikacheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Tangu usiku ule kijana hakuonekana tena darsani. Baba yake alitwambia kwamba dukani huketi kama mgeni, huwajibu wanunuzi neno moja moja, na jioni hujifungia chumbani akatazama picha za safari yake.

Basi swali ni hili: mtu aliyeona jambo lililo bora kuliko la kwao, kisha akarejea, ana deni gani? Je, yampasa anyamaze, aingie katika desturi kama kwamba hakuona kitu? Au ana haki ya kuwalaumu watu wake kwa yale aliyoyaona?

Tuanze na kijana. Huzuni ya kurejea si dhambi wala si utovu wa shukrani. Anayesafiri pamoja na kundi huamka hana duka la kufungua wala ndoo ya maji ya kubeba. Chakula kimeshapangwa, njia imeshapangwa, wenziwe ni wa umri wake, na kila siku ina jambo jipya. Siku anayorudi hukuta jua lile lile, madeni yale yale, na mteja yule yule aombaye apunguziwe bei. Hapana ajabu moyo ukiwa mzito.

Lakini kosa huingia pale mtu anapoichukua huzuni hiyo akaifanya hukumu. Kijana wetu alilinganisha vitu visivyolingana. Aliitia mizanini sikukuu ya watu wengine pamoja na siku ya kazi ya watu wake. Mgeni huonyeshwa ukumbi, na jiko hulijua mwenyeji. Lau angalikaa Istanbul miaka mitatu, akalipa kodi ya nyumba, akauguza mgonjwa, akatafuta kazi akaikosa, angalijua kwamba kule nako kuna wachuuzi waliochoka na vijana wanaotamani kuhama. Wazee wetu wa baharini walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu aweza kutembea chombo kizima, lakini mahali pake pa kulala papo pale pale.

Hata hivyo, wazee wasiifurahie hoja hii upesi. Kijana alikosea katika kulinganisha, na alikosea katika adabu. Lakini birika lilikuwa chafu. Uchafu wake haukupungua kwa kuwa aliyeutaja ni mdogo, wala kwa kuwa alisema kwa kiburi, wala kwa kuwa maji safi aliyaona kwanza ugenini. Neno hupimwa kwa ukweli wake, na msemaji hupimwa kwa adabu yake. Hizi ni mizani mbili, na kuzichanganya ni hila ya kale ya mtu asiyetaka kusikia. Sisi tulimcheka msemaji ili tusilisikie neno.

Na lililotutia haya zaidi tulipofikiri ni hili. Mwaka 1331 alipita hapa Mombasa yule msafiri mashuhuri, Ibn Battuta wa Tangier, akalala usiku mmoja tu. Katika machache aliyoyaandika juu yetu, aliitaja misikiti yetu. Alisema kwamba ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba milangoni mwake mlikuwa na visima vifupi na chombo cha mti cha kutekea maji. Kila atakaye kuingia huosha miguu yake kwanza, kisha huipangusa kwa jamvi nene lililowekwa mlangoni. Basi mgeni alikuja kwetu, akauona usafi, akaubeba hata kwao, ukaandikwa kitabuni. Kijana wetu hakutuletea desturi ya Kituruki. Alitukumbusha ya kwetu iliyotupotea. Kisha sisi tukamwita Mturuki!

Wala wanafunzi kusafiri kwa kundi na kurudi na dukuduku moyoni si jambo la leo. Mwaka 1826 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, aliwapeleka Paris wanafunzi zaidi ya 40, akawatilia imamu wa kuwaswalisha. Huyo alikuwa kijana wa miaka 25 aliyesoma Al-Azhar, jina lake Rifa'a al-Tahtawi. Mwalimu wake, Sheikh Hasan al-Attar, alimuusia ayaandike atakayoyaona. Walipofika Marseille aliingia mkahawa mmoja, akadhani umejaa watu wengi mno, mpaka alipoiona sura yake mwenyewe, ndipo akafahamu kwamba kuta zile zina vioo. Kisa hiki twakiona kuwa ni mfano wa safari zote: mtu hudhani anawatazama wengine, na kumbe mara nyingi anajitazama nafsi yake.

Rifa'a alirejea mwaka 1831. Kitabu chake cha safari kilipigwa chapa Bulaq mwaka 1834. Humo aliwasifu Wafaransa kwa usafi wao na kwa kupenda kwao ilimu, akaifasiri katiba yao kwa Kiarabu ili watu wake waisome. Wala hakuacha kuyakataa yale aliyoyaona kuwa kinyume cha dini. Hakusema kwamba kila cha kule ni dhahabu, wala kwamba kila cha kwao ni taka. Kisha akaingia katika kazi zisizo na fahari: kufasiri, kusahihisha, kufundisha. Mwaka 1835 ilifunguliwa shule ya lugha mjini Cairo, naye akaja kuwa mkuu wake, na wanafunzi wake wakafasiri vitabu vingi.

Alipotawala Abbas, shule ile ilifungwa, na mwaka 1850 Rifa'a akapelekwa Khartoum kusimamia shule ya watoto. Nao haukuwa uhamisho wa heshima, bali ulikuwa ni kutupwa mbali. Huko alikaa akifasiri kitabu cha Kifaransa cha Fénelon. Mwaka 1854 akarudi Cairo, akaendelea na kazi hata alipofariki mwaka 1873. Kukaa kwake Paris kulikuwa miaka mitano. Kuirejesha Paris kwa faida ya watu wake kulimchukua zaidi ya miaka 40.

Hapa ndipo tunapoliona jibu la swali letu. Alichokiona msafiri ni amana. Akinyamaza, ameizuia amana. Akiwatukana watu wake kwayo, ameifanya kuwa pambo la nafsi yake. Amana hutolewa kidogo kidogo, katika siku za kawaida, kwa kazi ya mkono. Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba msafiri amalizapo haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake, na yeye mwenyewe alikuwa akirudi safarini huanza msikitini, akaswali rakaa mbili. Mwenye kurejea, basi, huanza kwa ibada, mahali pale pale alipozoea, pamoja na watu wale wale.

Na sisi tuliobaki tuna deni letu pia. Yatupasa tumsikilize msafiri hata baada ya utamu wa hadithi kwisha, kwani usiku wa kwanza husikilizwa na kila mtu, na usiku wa tatu ndio wa haja. Tusiseme mkataa kwao ni mtumwa kabla ya kutazama kama ni kwao alikokukataa au ni uchafu uliopo kwao. Kijana anayekasirika kwa ajili ya birika bado ni wetu. Wa kuhofiwa ni yule asiyelijali tena.

Tulipokwisha kuyafikiri haya tulimwendea dukani baada ya alasiri, tukamwomba radhi. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba hakukusudia kututukana, ila hakujua njia nyingine ya kulisema. Alhamisi iliyofuata walikuja vijana saba wakalikausha birika na kulisugua. Maji machafu yakakataa kutoka. Mfereji wake wa zamani ulikuwa umezibwa kwa saruji, na hapana kijana aliyejua ulipo. Aliyeukumbuka ni yule mzee aliyemcheka. Aliinuka na bakora yake, akagonga ukutani, akasema, "Chimbeni hapa." Wakachimba, maji yakatoka.

Kabati la vitabu bado, na mchwa hawangoji. Kijana amerudi darsani, ijapokuwa huketi nyuma, na baadhi ya siku twamwona mawazo yake yako mbali. Hatumlaumu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wasafiri wetu, awape wao subira, na atupe sisi masikio. Amin.