Mfalme wa Kutia Saini

Mwaka 1282 Alfonso wa Kumi wa Castilla, yule aliyeitwa Mwenye Hekima, alibaki na jina la ufalme tu. Mwanawe Sancho aliwakusanya wakuu wa nchi mjini Valladolid, wakamvua baba madaraka. Kejeli ni kwamba chini ya Alfonso huyo huyo ndipo zilipoandikwa Siete Partidas, sheria zinazoeleza kwa kirefu mfalme ni nani na raia wamtii vipi. Miaka miwili baadaye akafia Sevilla, hajaupata utii ule ambao kitabu kiliuamuru.

Watu wa Castilla angalau walikuwa na mfalme wa kumkaidi. Wakoloni walipozipanda nyanda za Karatu na Ngorongoro walimtafuta mtu wa namna hiyo wasimwone, na jambo hilo liliwasumbua, maana mkataba unataka mkono wa kutia saini.

Kwa Wairaqw wa Karatu, kila eneo, au aya kwa lugha yao, lilikuwa na kahamusmo. Huyu ni msemaji. Wazee huketi, hubishana, kisha yeye hutamka walichokubaliana. Hata katika slufay, sala ya kuiombea nchi, mzee mmoja huongoza na waliomzunguka huitikia. Bila waitikiaji hakuna sala. Mkaidi hakupelekewa askari bali laana, au alitengwa, na kumtenga mtu kunahitaji majirani wote wakubali kumtenga. Wajerumani wakaleta machifu, Waingereza wakawaendeleza. Pengine mazoea ya kujichagulia msemaji hayakufa: katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kiti kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, wilaya iliyoimeza Karatu wakati huo. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU hiyo hiyo, alisimama kama mgombea binafsi akambwaga aliyeteuliwa na chama.

Kwa Wamaasai mambo yaliharibika zaidi. Oloiboni Mbatian alipofariki karibu mwaka 1890, wanawe Olonana na Sendeyo waligombea nafasi yake. Kazi ya oloiboni ni ubashiri, baraka na dawa. Ng'ombe na malisho ni shauri la wazee wa rika. Waingereza upande wa Kenya hawakujali. Walimpa Olonana cheo cha chifu mkuu, na mwaka 1904 yeye na wenzake wakaridhia mkataba wa kuwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa. Mkataba wa pili, wa 1911, ukawaondoa Laikipia.

Ole Njogo na Wamaasai wenzake waliupinga mkataba huo mahakamani, na kesi ikaamuliwa mwaka 1913. Majaji wakasema ile ni mikataba baina ya mamlaka mbili huru, si baina ya serikali na raia wake, kwa hiyo mahakama haina uwezo nayo. Tazama ujanja huo: watu wasio na mfalme walipewa enzi inayotosha kuitoa ardhi, isiyotosha kuidai.

Upande wa Tanganyika, mwaka 1958, wazee 12 wa Kimaasai walitia saini kuiachia Serengeti, na mwaka uliofuata Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi ambamo wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Wazee 12 ni afadhali kuliko chifu mmoja. Lakini je, waliweza kuwafunga hata watoto ambao hawajazaliwa? Mtu atajibu kwamba kila serikali hufanya hivyo, na ni kweli; ila serikali watoto hao wakikua wanaweza kuing'oa kwa kura, na saini ya 1958 haina sanduku la kura.

Tangu 2022 kuna kaya za Ngorongoro zinazohamia Msomera, Handeni. Serikali inasema zinahama kwa hiari, kaya kwa kaya. Wapinzani wa zoezi hilo wanasema huduma zilipunguzwa Ngorongoro hadi hiari ikakosa maana. Hapa hakutafutwa chifu wala wazee 12. Anayejiandikisha ni kaya, na swali lile la zamani sasa limeingia ndani ya boma, ambamo nyumba hujengwa na wanawake kwa mikono yao: mume mwenye wake watatu akitia saini, wameridhia wangapi?