Mbegu Iliyopandwa Mabibo

Mama wa kisa hiki nimemjenga kutokana na wengi, kwa hiyo msomaji asimtafute mtaani. Lakini taasisi ya DECI sikuitunga mimi. Ilikuwa na ofisi Mabibo, Dar es Salaam, na hadi serikali inaisimamisha mwaka 2009 ilikuwa imekusanya fedha za maelfu ya watu, waumini wengi miongoni mwao, kwa lugha ya kanisani: kuweka fedha kuliitwa kupanda, kulipwa kuliitwa kuvuna. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji.

Mama huyu alikaanga samaki Mbagala Rangi Tatu. Alfajiri yuko Feri kwenye mnada, saa tano karai liko motoni. Mumewe alikuwa amepoteza kibarua bandarini, watoto wawili wako sekondari, na nyumba yao ya Kizuiani ilikuwa na chumba na sebule tu vilivyoezekwa. Kwingine kuta ziliishia kwenye linta. Alifunga, akakesha, akaomba mlango ufunguke. Ndipo mwana-jumuiya mwenzake alipompitia jioni moja: "Bwana Yesu asifiwe, dada. Mlango wako umefunguka, twende Mabibo."

Mavuno ya kwanza yalikuja kweli, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alitoa fungu la kumi, Jumapili akasimama kutoa ushuhuda, kanisa zima likapiga vigelegele. Wiki iliyofuata wanawake watatu wa jumuiya walikuwa nyuma yake kwenye foleni, mmoja wao mjane aliyebeba fedha za rambirambi ya mumewe. Safari hii mama alipanda mtaji wote wa samaki, pamoja na fedha za upatu alizokabidhiwa na wenzake.

Mwaka 2009 ukawa mwaka wa mapigo mawili. DECI ilisimamishwa na fedha zikazuiwa. Kisha tarehe 29 Aprili ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Zaidi ya watu 20 walikufa na nyumba nyingi mno zikaharibika. Kwake hakuumia mtu, lakini ukuta wa sebule ulipasuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Mzee mmoja wa kanisa alipita akamshauri aichunguze dhambi aliyoificha. Mwingine alimwambia hakupanda kwa imani. Akaacha kwenda kanisani, akaanza kupita uchochoroni asikutane na wanawake wa upatu, karai akalisukumia uvunguni.

Wale wawili walirudia kosa la rafiki za Ayubu. Rafiki hao walipofika walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa wafariji wema. Waliharibu walipofungua kinywa, kwa sababu walikuja na hesabu kichwani: mwema hupata mema, aliyepatwa na mabaya ana lake alilolifanya. Hesabu ya Mabibo ni hiyohiyo. Aliyeambiwa kwamba imani ni mbegu yenye faida iliyopangiwa tarehe, siku faida isipotoka hana pa kukimbilia: ama Mungu amemdanganya, ama yeye mwenyewe amelaaniwa. Nalisema hili kwa uchungu, maana wanaouziwa hesabu hiyo ni watu waliokwisha kuumia. Mtume Paulo alifungwa na kupigwa mawe. Alipowaandikia Warumi habari za dhiki hakuwapa njia ya mkato, aliwaonyesha tumaini linalokomaa polepole ndani yake.

Aliyemfikia mama alikuwa yule mjane. Alikuja na kilo ya mchele, akaomba ungo, akaketi kwenye kibaraza cha jikoni akachambua. Hakutaja fedha. Akarudi tena, na siku nyingine akaja na wenzake wawili, wakafua, wakaimba kidogo, wakaondoka. Mwisho mama alishindwa kuvumilia, akalia: "Dada yangu, nilikupoteza mimi."

"Nilikwenda kwa miguu yangu," mjane alimjibu. "Zangu nimezisamehe. Lakini za upatu ni za watu, utazirudisha."

Siku hiyohiyo waliandika majina kwenye daftari la shule la mtoto, na kiasi anachodaiwa mbele ya kila jina. Mjane alimkopesha mafuta ya kukaangia. Akaanza upya na dagaa, akilipa kidogo kila Ijumaa, na ukuta ukabaki na ufa wake miaka kadhaa. Akarudi kanisani, akakaa viti vya nyuma. Alikuwa akiomba kwa kuorodhesha mahitaji. Sasa aliomba nguvu ya kugonga mlango wa mtu anayemdai, kisha akaenda akagonga.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka tena, safari hii Gongo la Mboto. Maelfu ya watu walikimbia makazi yao, wengi wakakusanyika Uwanja wa Uhuru, Temeke, na watoto wengi walipoteana na wazazi. Wanawake wa jumuiya walipika uji wakaupeleka. Mama wa Rangi Tatu alimkuta mwanamke anayemtafuta mwanawe, mwingine mchanga yuko mgongoni. Hakumweleza kwa nini Mungu ameruhusu jambo lile. Alimpokea mchanga ili mwenzake apate kwenda kuandikisha jina la aliyepotea, akakaa naye mpaka jioni.

Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa DECI. Rambirambi ya mjane haikurudi. Mwaka huo mama alikamilisha deni la upatu, na mchungaji akamwomba atoe ushuhuda. Alisimama na lile daftari, akasoma majina yote na tarehe zote, akieleza ushuhuda wake wa kwanza uliwapeleka akina nani Mabibo. Hakuna aliyepiga vigelegele. Ibada ilipokwisha, kijana mmoja alimfuata nje na habari za mradi mpya wenye faida ya haraka, wa watu wa Mungu.

"Sawa, mwanangu," alimwambia. "Nipeleke kwanza nikaione hiyo biashara inayozaa hiyo faida."

Kijana alisema ataulizia.