Anapotunukiwa mtafiti, aliyemfundisha yuko wapi?

Mwezi uliopita nilialikwa katika hafla ndogo hapa Dar es Salaam ya kumpongeza mwalimu wangu wa chuo kikuu. Jumuiya moja ya wanazuoni ya ng'ambo imemtunuku uanachama wa heshima kwa kazi yake ya miaka mingi katika sayansi ya jamii. Tulikula pilau, tukasikiliza risala, na mimi nikapewa dakika tano za kusema nikiwa mwanafunzi wake wa zamani. Nilimsifu, na sifa zote nilizozitaja zilikuwa za kweli. Lakini niliporudi kukaa nilijikuta sina raha, na tangu siku hiyo nina swali ambalo leo naomba niliweke mbele ya msomaji.

Kwanza tuelewane juu ya heshima yenyewe, maana wengi huichanganya na udaktari wa heshima, ule ambao vyuo huwapa marais na wafadhili hata kama hawajawahi kuandika ukurasa mmoja wa utafiti. Uanachama wa heshima wa jumuiya ya wanazuoni ni kitu kingine. Hauna mshahara wala ofisi. Ni wanazuoni kumwambia mtu: wewe ni mwenzetu. British Academy ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1902, inao wanachama wa aina hiyo, na Royal Anthropological Institute ya London pia inao. Ni mlango mwembamba. British Academy ilikaa miaka 29 bila mwanamke hata mmoja ndani yake, mpaka mwaka 1931 ilipomchagua Beatrice Webb, mtafiti wa umaskini na kazi, akawa mwanachama kamili. Mama huyu, kabla hajawa na jina, aliwahi kujifanya fundi cherehani akaomba kazi katika vibanda vya kushonea nguo vya mashariki ya London, ili aone mwenyewe washonaji wanavyoishi. Yeye tunamjua. Wanawake waliokaa naye kwenye benchi lile hatuwajui.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Mwanafizikia huchunguza chuma na mwanga, na chuma hakina cha kudai. Mtaalamu wa jamii huchunguza watu. Anafika kwao hajui, wao wanajua. Anauliza, wanajibu, anaondoka. Basi wenzake wanapokuja kumvisha heshima kwa kile alichokijua, je, wale waliomjulisha wana haki yoyote katika heshima hiyo?

Nina sababu ya kuuliza. Nilipokuwa mwaka wa tatu, mwalimu wangu huyo alinichukua pamoja na wenzangu wanne kumkusanyia habari za utafiti wake juu ya upatu wa akina mama. Mimi nilipelekwa Tanga, mitaa ya Ngamiani. Nikamkuta bibi mmoja muuza vitumbua, kijumbe wa upatu wa wanawake kumi na wawili. Nilikuwa na dodoso la kurasa sita, na yeye alilimaliza kwa maneno machache kabla sijafika ukurasa wa pili. Alisema, "Mwanangu, anayepokea mwanzo ndiye tunayemkopesha, anayepokea mwisho ndiye anayetukopesha. Watu hugombania mwanzo kwa sababu wanaogopa. Mimi kijumbe najiweka wa mwisho kabisa, ili wajue nikikimbia, nimekimbia fedha yangu mwenyewe." Msomaji aliyesoma uchumi atakubali kuwa hapo kuna mhadhara mzima. Na kweli ukawa sura nzima ya kitabu cha mwalimu wangu, sura ambayo risala ya siku ile iliitaja kwa jina.

Nilipokuwa nafunga daftari bibi akauliza, "Na jina langu litaandikwa?" Akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, pole pole, kama mtu anayemsomea karani. Nikaliandika juu ya ukurasa. Kisha, kwa kanuni tulizopewa, nikalikata na kuweka namba. Katika kitabu yeye ni mhojiwa wa saba, mwanamke, mfanyabiashara ndogondogo, hana elimu.

Hana elimu! Na sisi tulikuwa tumepanda basi kutoka Dar kwenda kumsikiliza.

Sisemi kwamba kanuni ile haina maana, la hasha. Kuficha jina la mtu aliyekueleza mambo yake ni amana, na wapo ambao jina likitajwa wanapoteza kazi, au ndoa, au hata uhai. Chukua mfano wa M. N. Srinivas wa India. Mwaka 1948 alikwenda kuishi katika kijiji kimoja cha Mysore na kuandika yote aliyoyaona. Mwaka 1970, akiwa Stanford, Marekani, watu walichoma moto kwa makusudi jengo alimokuwa na ofisi, na nakala zote tatu za maandishi aliyokuwa ameyachambua zikaungua. Akakaa akakiandika kijiji kile kutoka kichwani, na kitabu kikatoka mwaka 1976 kwa jina la The Remembered Village. British Academy na American Academy of Arts and Sciences zilimpa uanachama wa heshima, na alistahili. Kijiji chenyewe kitabuni kinaitwa Rampura, jina la bandia. Kwa kijiji chenye ugomvi wa matabaka, mashamba na kura, nadhani alifanya sawa. Lakini bibi wa Tanga hakuwa na cha kuficha. Yeye aliomba atajwe, na sisi tukamfichia kitu ambacho hakuomba kifichwe.

Mimi nafundisha elimu ya dini, na darasani siku nyingi huwa nasomesha isnadi. Wanafunzi huchoka haraka na ile mlolongo wa fulani kutoka kwa fulani, wanataka twende kwenye maneno yenyewe. Huwaambia kwamba Imamu Bukhari hakuona haya kutanguliza majina ya watu kabla ya elimu aliyoipata kwao. Kweli, isnadi iliwekwa kwa ajili ya uhakiki na si kwa ajili ya kupeana heshima, lakini heshima ilikuja nayo. Karima al-Marwaziyya, aliyefariki Makka katika karne ya 11, alisomesha Sahihi Bukhari, na mwanachuoni mkubwa kama al-Khatib al-Baghdadi hakuficha kuwa aliisoma kwake. (Sijigambi kwa hili. Nani kati yetu leo anamtaja ustadhati aliyemfundisha alif kwa kijiti?)

Na wala si kwamba watafiti wa leo hawawezi. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha Three Swahili Women, maisha ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyosimuliwa nao wenyewe: Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Majina yao yamo. Baadaye kikatoka pia kwa Kiswahili. Mjukuu wa Bi Kaje anaweza kukinyanyua kitabu kile na kusema, huyu ni bibi yangu. Kwa nini hilo liwe jambo la nadra?

Baada ya hafla nilimsogelea mwalimu nikamkumbusha habari ya kijumbe wa Ngamiani. Macho yalimng'aa. "Yule! Bila yule kile kitabu kisingekuwepo." Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Yeye hakuwahi kulijua, alipokea namba tu. Jina lilikuwa katika daftari langu, na daftari lilipotea nilipohama Magomeni, wala sikulitafuta. Srinivas alinyang'anywa maandishi na moto, akakumbuka kijiji kizima. Mimi sikunyang'anywa kitu na nimesahau majina matatu.

Mwalimu amesema toleo jipya la kitabu liko mbioni, na kuna nafasi ya kuongeza ukurasa mmoja mbele. Shule zikifungwa nitapanda basi la Tanga. Nyumba naikumbuka, ina baraza ya saruji na mwembe uani. Kama mwenyewe hayupo tena, nitawauliza majirani aliyekuwa kijumbe wao aliitwa nani, binti wa nani.